Alama moja kwenye jina la Ng'washi nusura ininyime mke

Wakuu, salamu kutoka Ifakara.

Haya yamenikuta mwenyewe. Mke wangu Kabula amekaa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo chumvi siwezi kuongeza.

Mimi ni Mpogoro, kazi yangu ni ku-code. Kabula ni Msukuma. Baba yake ni mfugaji upande wa Namawala, anaitwa mzee Ng'washi. Mahari ilishapokelewa, zikabaki kadi za harusi.

Nikajifanya mjuaji. Nikatengeneza script, programu fupi ya Python, ichukue majina niliyoandika kwenye simu na kuyapachika kwenye kadi. Kwenye laptop yangu ikatoka safi. Nikaihamishia kwenye kompyuta ya stationery, tukaprint, nikawasha pikipiki mpaka Namawala bila hata kuangalia.

"Shikamoo baba."

Mzee akaitikia, akavaa miwani, akasoma. Kadi ilisema "binti wa Mzee Ngâ€™washi".

"Hii E yenye vistari ni nini?"

Kabula akachungulia. "Ni alama ya hela ya Ulaya, baba."

"Kumbe mmeshaniuza!"

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka.

Kilichotokea ni hivi: ile alama ya kwenye ng', simu iliiandika ikiwa imepinda, na UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi ambao simu inautumia, inaihifadhi kwa byte tatu. Kompyuta ya stationery ilikuwa inasoma kwa encoding (mfumo wa herufi) ya zamani, ambayo kila byte ni herufi yake. Alama moja ikazaa vidudu vitatu.

Nikarudi mjini na akili ya haraka haraka. Nikaiambia script ifute kila kisicho cha ASCII, yaani herufi na alama za kawaida za Kiingereza. Vidudu vikaisha, kadi ikaandika Ngwashi, imenyooka kabisa. Nikajipongeza na soda.

Hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza.

"Mkwe, Ngwashi ni nani?"

"Ni wewe, baba. Nimetoa ile alama tu."

"Ng'ombe wangu wote wana alama. Asiye na alama ni wa nani?"

Nikasema ni wa yeyote atakayemkuta.

"Basi. Ndugu zangu wanatoka Shinyanga kuja kumuoza binti wa Ng'washi. Huyo Ngwashi wako akaoze wa kwake."

Akanirudishia kadi zote. Kabula alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki bila kusema neno, na hapo wakuu niliogopa kweli. Kabula huwa hanyamazi. (Ananifinya hapa.)

Nikatulia. Nikaweka encoding="utf-8" kwenye mstari wa kusoma faili na wa kuandika, yote miwili, kompyuta isije ikajichagulia. Dawa yenyewe ndiyo hiyo tu! Safari hii nikasoma kadi moja moja kwa sauti pale stationery, watu wakinishangaa.

Mzee akaisoma ya tatu taratibu, kidole kikifuata herufi. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni:

"Mama Kabula, njoo uone! Nimerudi!"

Somo langu wakuu: herufi ambayo mashine haiijui, usikimbilie kuifuta. Tafuta kwanza iliandikwa kwa encoding gani, maana hapo unaweza kuwa unamfuta baba mkwe.

Wenye majina ya ng' humu, mifumo imeshawaita nani? Shusheni hapa, Kabula anataka kucheka.