Bolti ya Mkunga

Mume wangu ni fundi magari, na watu humwita Kaza. Jina hilo alijipa mwenyewe. Imani yake ni moja tu: bolti ambayo haijalia haijakazwa. Huchomeka bomba kwenye mpini wa spana, huvuta hadi mishipa ya shingo imtoke, na chuma kikitoa mlio anatabasamu. "Hiyo haitoki mpaka kiama," husema. Kwa kawaida hutoka wiki inayofuata.

Binti yetu alisomea ufundi huohuo, akarudi na kisanduku cha vifaa vya kufufua tundu la bolti lililosagika nyuzi, ile mikato ya ndani inayoishika bolti. Baba yake alikitazama, akamuuliza kama amekuja kutengeneza injini au kushona gauni. Yeye tundu likimfia, huizungushia bolti utepe mweupe wa mafundi bomba, kisha maisha yanaendelea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za mume wangu zilianza kunyonyoka mapema.

Ndivyo alivyolifanyia gari la mkunga wetu. Bolti ya kumwagia oili, ile ya chini ya injini, aliikaza mpaka nyuzi za tundu zikasagika, akafunga utepe, akanyamaza. Asubuhi moja mkunga akaja amenuna, nyuma yake mstari wa oili kutoka kwake hadi getini kwetu. Gari likapandishwa jeki. Kabla ya saa sita binti, mwenye mimba ya miezi tisa, akaniita kutoka jikoni: "Mama, chupa imepasuka."

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alishaonya kwamba wa pili asizaliwe nyumbani. Mkunga akampima, akasema, "Hospitali. Sasa hivi." Tuliwapigia simu madereva wawili wa teksi. Magari yao yalikuwa uani kwetu, hayana injini, wiki ya tatu. Tukapiga simu hospitali, gari la wagonjwa lilikuwa kwa fundi. Sikuuliza fundi gani. Nilikuwa na hofu, na hasira juu yake, na nilimwambia Kaza maneno ambayo sitayarudia hapa.

Binti ndiye aliyetulia. Aliagiza kigoda na kisanduku chake, akakaa kando ya gari la mkunga, ndilo pekee lililobaki na injini, mkono kiunoni, akamwamuru baba yake aingie chini.

"Paka grisi kwenye hicho kifaa cha kukatia nyuzi mpya, vumbi la chuma linate. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Polepole, baba."

"Najua."

"Hujui. Rudisha nyuma!"

Uchungu ulipomshika alifumba macho, na sote tukasubiri, hata Kaza huko chini. Ulipomwachia akaendelea kuagiza: safisha tundu, ingiza koili ya chuma ya kushikia bolti, sasa bolti yenyewe, kwa vidole kwanza, halafu spana. Bolti ikashika. Nikauona mkono wa mume wangu ukitambaa sakafuni kutafuta bomba.

"Baba," binti alisema, jasho likimtiririka, "ukiongeza hata kidogo, mjukuu wako anazaliwa hapahapa kwenye oili."

Mkono ukarudi. Katika miaka thelathini ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kumwona akiiacha bolti bila kuiliza. Tukamimina oili, mkunga akawasha gari, na chini halikudondoka hata tone.

Hospitalini mtoto alitolewa salama kwa upasuaji, na mama yake salama, nami nikalia palepale kwenye benchi bila aibu. Kaza alikuwa na shughuli nyingine: alikuwa akimsimulia mlinzi jinsi alivyofufua tundu la bolti kwa mikono yake miwili.

"Si nasikia na binti yako ni fundi?" mlinzi akauliza.

"Alikuwepo. Alikuwa amekaa tu."

Mkunga, aliyekuwa akipita na beseni, akasimama.

"Basi vizuri," akasema. "Nitasubiri mshono upone. Oili nyingine atanibadilishia huyo aliyekuwa amekaa tu."