Kijani cha Kiti cha Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa enzi za Mwingereza, pale Keko, katika karakana iliyodarizi vitambaa vya kukalia kwa viti vya maseremala wa jirani. Mwalimu wetu wa sindano, Mama Kalista, mwenyeji wa kusini, alinipa uzi mmoja wa sufu ya kahawia, akanituma ghalani nilete fungu linalofanana nao. Nikaleta manne.

"Lipi sasa?"

"Yote ni hilohilo, Mama."

"Njoo mlangoni, mwanangu."

Mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi, zikawa kahawia nne tofauti, na hakuna hata moja iliyofanana na uzi wangu. Nikashika kichwa. Wenzangu wakacheka: "Huyo macho kayaacha Temeke!"

Nanyi mnaoanza, msione haya mkichanganyikiwa; sufu humchanganya kila mtu. Usiichague ndani ya ghala. Usiliamini fungu zima pia, maana uzi ukiwa umefungwa pamoja huonekana umekolea, ukitandazwa peke yake juu ya kitambaa cha matundu tunachodarizia hupungua. Vuta uzi mmoja, uulaze pale utakapokaa. Na sufu ya uwanja, yaani rangi inayojaza nafasi yote nyuma ya maua, ichukue yote siku moja, yenye alama moja ya pipa. Kila pipa la rangi kiwandani hutoa kijani chake, hata jina likiwa lilelile.

Hayo niliyajua vizuri kufikia mwisho wa miezi yangu ya majaribio. Kazi ya kunipima ilikuwa vitambaa vya viti sita, maua mekundu juu ya uwanja wa kijani. Nikiharibu, narudi nyumbani. Nilipomaliza vinne, masika ikaingia na ghala likanuka uvundo. Msimamizi, mama wa Kiingereza tuliyemwita Memsabu, akaamuru mafungu yaanikwe kila jua linapotoka, kama mama yake alivyofanya kwao. Nikaanika wiki mbili.

Kiti cha tano kikatoka na milia: kijani kilichopauka, kijani kilichokolea, kisha kilichopauka tena. Memsabu akakibwaga mezani.

"Umechanganya mapipa."

"Hapana, Memsabu. Alama ni moja." Nikamwonyesha vikaratasi vya alama vilivyofungwa kwenye mafungu.

"Basi macho yangu yanadanganya?"

Vikaratasi vilisema hivi, kitambaa kilisema vile, nami nilikuwa nimechagua mlangoni, asubuhi, kama nilivyofundishwa. Nikaanza kuyashuku macho yangu mwenyewe.

"Jumamosi utakabidhi sindano," akasema.

Mama Kalista akachukua fungu lililobaki, akalipasua kwa vidole kama anapasua andazi. Nje, kijani cha vumbi. Ndani, kijani kibichi kama jani la mgomba.

"Mtoto huyu hajachanganya kitu, Memsabu. Ni jua."

"Mama yangu ameanika sufu juani maisha yake yote."

"Labda jua la kwenu lina huruma. Hili la hapa linakula khanga mpya, sembuse sufu."

Sindano zote zikasimama. Hatukuwahi kusikia mtu akimsahihisha Memsabu. Akaligeuzageuza lile fungu, akatoka nalo mlangoni, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema tu, "Anikeni kivulini." Jumamosi ikapita, sindano bado ninayo.

Kwa kazi iliyobaki, yaani cha tano upya na cha sita, Mama Kalista alinifundisha kutia uzi uliopauka na uliokolea katika sindano moja, ili milia isijitokeze. Mwenye oda akapata viti vyake sita. Kile chenye milia nilitaka kukifumua, Memsabu akakataa. Akakiagizia fremu kwa maseremala, kikawa kiti chake cha ofisini.

Alipoondoka alikiacha. Miaka ikaenda, ofisi ikawa yangu, na mimi nikakikalia hadi nilipostaafu. Mpaka leo wajukuu wakiniletea mafungu mawili ya kijani, natoka nao mlangoni, na kusema kweli bado hunichukua muda. Hilo nimelizoea. Nisilolielewa ni kile kiti. Kila asubuhi Memsabu alikitazama kwanza, kisha akanitazama mimi, ndipo akakaa. Sijui kama alikuwa akiniomba radhi, au akinionya.