Kabati la Seva na Ngazi za Mji Mkongwe

Mwenzenu nimeadhirika. Ofisi yetu ina kompyuta arobaini, nami nilitakiwa nichague seva ya kuzisimamia zote kupitia ukurasa mmoja wa mtandao. Nikakadiria kama pilau ya harusi, maana waalikwa huja na majirani zao. Nikaongeza memori, nikaongeza diski, mpaka likaja kabati zima la chuma. Mlango wetu wa kuchonga niliupima mwenyewe. Kabati likapita, nafasi ikabaki, nikajipongeza.

Ngazi sikuzipima. Kwenye kona ya kwanza kabati likakwama, haliendi juu wala halirudi chini. Huko juu akatokea Bi Rukia, mkuu wetu, keshavaa buibui lake anakwenda nyumbani.

“Haya, bwana vipimo, na mimi nipime,” akasema. “Dirishani ntapita?”