Sahihi ya Verlin Stamper

Nimekaa uzio mmoja na Verlin Stamper miaka thelathini, hapa milimani Kentucky, na bado sijaona mtu anayejivunia upuuzi wake kama yeye. Mbele ya nyumba yake kuna kibao alichokipaka rangi mwenyewe: SERIKALI ISIKANYAGE HAPA. Lakini kila mwezi hundi ya serikali, fidia ya mapafu yaliyoliwa na vumbi la makaa, hupita mbele ya kibao hicho hicho, na Verlin huikimbilia na ndara zake kabla tarishi hajaondoka.

"Hiyo haki yangu," aliniambia nilipomchokoza. "Nimeikoholea damu."

"Na ya Kaylene je?"

"Ya Kaylene ni kuombaomba."

Kaylene ni mwanawe wa pekee. Tangu amuuguze mama yake, Opal, mpaka akamzika, msichana hakuwa na wimbo mwingine ila uuguzi. Chuo kilimkubali. Ada ingelipwa na ruzuku ya serikali, isiyorudishwa, mradi ajaze fomu inayouliza kipato cha nyumba yao, na kwa kipato kile angepata yote. Ilibaki sahihi ya baba tu. Na fungu la ruzuku la jimbo letu ni la wanaowahi, likiisha, limeisha.

Verlin akagoma. Aliikunja fomu akaisokomeza chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni. "Leo wanauliza kipato, kesho watahesabu bunduki zangu!" Mwanamume mzima anaogopa karatasi! Wiki tatu Kaylene alimbembeleza, akampikia maharagwe na mkate wa mahindi. Alikula, akafuta mdomo, hakusaini.

Nikampeleka mimi Kaylene chuoni. Bi. Hensley wa ofisi ya misaada alivua miwani.

"Mwanangu, hujafika miaka ishirini na nne. Kwa serikali wewe bado wa baba, hata kama hakupi senti. Labda ungekuwa yatima wa baba na mama, au askari, au mke wa mtu."

"Uyatima bado," Kaylene alisema. "Jana kala sahani mbili."

Alicheka peke yake. Njiani tukafika gereji ya matairi anapofanya kazi Wes Combs, mchumba wake. Walipanga kuoana baada ya chuo, kanisani, yeye akivaa gauni la Opal.

"Nishushe hapa, shangazi," alisema.

Jumanne walioana mahakamani, Wes ana grisi kwenye kucha, mimi shahidi. Keki hakuna. Bibi harusi alilia, na si kwa furaha. Alhamisi alijaza fomu upya. Penye swali la ndoa akajibu ndiyo, na maswali yote ya baba yakaondoka. Mshahara wa fundi matairi haumzuii mtu ruzuku, ikaja yote.

Unadhani Verlin aliona haya? Alinuna wiki moja, kisha akaanza kutamba dukani: "Binti yangu anasoma, na sijasaini kitu cha serikali!" Miaka miwili nilimsikiliza, na kila mara nilitamani kumtemea mate.

Siku ya mahafali nilimkuta mgahawani, anaongeza mchuzi wa soseji kwenye sahani. Nikamhimiza.

"Tulia, jirani. Wanaita kwa herufi. Stamper ni mwisho mwisho huko."

Nilikuwa na la kumwambia. Nikalimeza, nikaenda zangu.

Aliingia ukumbini wakiwa kwenye R, akabanana nami, simu ameinua tayari kupiga picha. Akaitwa Sizemore, akaitwa Slone. Kisha akaitwa Tackett.

"Wamemruka!" alifoka, watu wakageuka. "Wamemruka binti yangu!"

"Hawajamruka. Kaitwa zamani, Verlin. Siku hizi ni Combs, kwa jina la mumewe."

Simu ikashuka polepole. "Jina langu hawakulitaja kabisa?"

"Walilihitaji mara moja tu," nikamwambia, "ukaliweka chini ya mguu wa meza."