Saladi ya Wifi

Mtaani tunamwita Bi Pindo, kwa sababu pindo la gauni aliloshona yeye huwezi kuliona hata ukilitafuta kwa miwani. Ni fundi cherehani, mashine yake iko barazani. Tangu nimfahamu, hukata vitambaa vyote asubuhi na kuvipanga mezani, ndipo akae kushona. Mkasi wake hauguswi na mtu. Mumewe, fundi rangi, aliwahi kuutumia kukata kamba, akasemwa mpaka akajuta kuoa.

Mwaka huu daktari alimwambia mume apunguze mafuta na ale mboga mbichi kila siku. Bi Pindo alilipokea jambo hilo kama oda ya harusi. Asubuhi, kabla hajafungua mashine, alikata matango, nyanya, kabichi na vitunguu, akatia chumvi na limau, akachanganya, akafunika. Jioni mume alifunua bakuli, akalitazama.

"Mama, hii ni saladi au supu?"

"Kula. Daktari kasema."

Alikula vijiko viwili vitatu kwa heshima. Baada ya hapo akaanza kurudi nyumbani ameshiba.

Ng'ambo ya ua anaishi dada wa huyo mume, msusi. "Nimeonja kidogo tu kwa dada," mume alisema akijipangusa mdomo. "Karoti na parachichi. Sijui anafanyaje, ukitafuna inalia kru-kru."

Ile kru-kru ilimkaa Bi Pindo kooni. Alimjua mumewe: kinachomfurahisha hukirudia. Leo saladi, kesho chakula chote, na mwisho atakuja kukaa kwenye meza yake mwenyewe kama mgeni. Binti yao naye akaongeza chumvi kwenye kidonda: "Shangazi anaweka na vipande vya chungwa."

"Basi hamia huko."

Kila jioni, hata mashine ikinguruma, masikio yake yalivuka ua. Alisikia kisu cha wifi kwenye ubao, kisha kicheko cha mumewe, kicheko ambacho nyumbani kilikuwa kimeadimika. Akajiambia lazima yule mwanamke anatia kitu. Akajaribu sukari, akajaribu siki, akajaribu mayai. Saladi ikazidi kuogelea.

Bahati nzuri, gauni la wifi lilikuwa kwake. Halikuwa limefikia hatua ya kupimwa, lakini jioni moja alilibeba, akavuka ua.

"Hodi."

"Karibu, wifi! Makubwa! Umepotea njia?"

"Nimekuja kukupima."

"Saa hizi? Mikono yenyewe imelowa hivi."

"Nitasubiri."

Akakaa, pini mdomoni, macho mezani. Hapakuwa na chupa ya ajabu. Palikuwa na kabichi, karoti, tango, parachichi na limau, vyote vizima. Majani ya saladi yalikuwa yameoshwa na kufutwa kwa taulo safi hadi yakakauka.

Mume akaingia. Alipomwona mkewe alishtuka kama mwizi wa kuku.

"Usisimame kama nguzo, kaka," wifi akamwambia, akimpa kikwaruzo. "Karoti hizo zinakungoja."

Akaketi, akakwaruza, huku akisimulia habari za mwenye nyumba aliyeegemea ukuta wenye rangi mbichi na kwenda kazini na mgongo wa kijani. Wifi akakata kabichi nyembamba kama nyuzi. Limau na chumvi vilikuja mwisho kabisa, watu wameshashika uma.

"Mbona chumvi mwisho?" Pini nusura zimponyoke.

"Ukitia mapema mboga inatoa maji yote, wifi. Hukujua?"

"Najua."

"Halafu huyu ukimpa kazi, anakula. Ndivyo alivyo tangu mdogo."

Hilo "tangu mdogo" lilimchoma kuliko pini. Alimpima wifi kiuno, na akaikaza futi ya kupimia zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake mume alipita kwanza nyumbani kubadilisha nguo, akakuta mboga nzima mezani.

"Leo hatuli?"

Bi Pindo akamsogezea kisu. "Kata."

"Mimi? Kwa kisu chako?"

"Kata kabla sijaghairi."

Akakata. Kipande kimoja cha tango kilikuwa kinene kama kisigino, kingine chembamba kama karatasi. Bi Pindo aliikalia mikono yake, isije ikampokonya kisu. Binti akakwaruza karoti. Mume akaanza kisa cha mgongo wa kijani, na mkewe, aliyekwisha kukisikia, akacheka kuliko jana alivyocheka wifi. Kisha limau, kisha chumvi. Kru-kru ikasikika ndani ya nyumba yake.

Mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa wifi, na uma wake mkononi.

"Nimengoja weee, nikadhani kaka anaumwa."

"Mzima kabisa," alisema Bi Pindo. "Ila pole, wifi, tumeshamaliza."

Bakuli lilikuwa bado nusu. Alilifunika kwa sahani, polepole, bila kuondoa macho mlangoni.

"Gauni lako njoo ulijaribu kesho," akaongeza. "Asubuhi."