Viwiko vya Golikipa

Fundi cherehani wetu hapa Nyamwaga, akiletewa jezi za timu, hupapasa viwiko kwanza. Anasema mchezaji aliyepambana huonekana hapo. Baada ya fainali ya mwaka 1956 aliletewa jezi kabla hazijafuliwa, nasi tukajazana mlangoni kwake kubishana.

“Mwakani kombe letu!” alisema Joram.

“Kwa golikipa huyuhuyu aliyefungwa manne?” Obura akamuuliza.

Fundi alikuwa ameshika jezi ya golikipa. “Siku ile kulikuwa na tope?”

“Fundi, si ulikuwepo? Tope hadi magotini!” Joram akamjibu.

Akaigeuza, akaigeuza tena. Mimi niliyekuwa karibu niliona: haikuwa na hata doa. Akatutazama kama mtu aliyepotea njia. Kisha akainama, akakichana kiwiko cha jezi ile kwa mkono wake mwenyewe, akatunga uzi, akaanza kukishona.