Karavani Lililokuwa Zito

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii: mtu mwenye digrii, afisa wa elimu ya watu wazima, amesimama kwenye ukungu wa Mufindi akijibizana na mzee kwenye ngazi ya tela. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na majirani zangu wanaoniona macho saa nane za usiku wanajua kwamba kuna kitu.

Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya kwenda Zambia ingali mpya. Nilipangiwa kazi Rujewa, na Rujewa hawakuwa na nyumba ya kunipa. Nililala kwenye chumba cha darasa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, pamoja na chaki na panya. Mke wangu, Mama Eda, alibaki kwao Iringa na mtoto. Siku moja nilipokwenda kuwaona aliniambia taratibu, huku akimenya viazi:

"Baba Eda, mpunga ukivunwa kabla hujapata nyumba yenye mlango, usije tena kunichukua. Sikuolewa na barua."

Hapo ndipo nilipolifikiria karavani. Wageni waliojenga barabara walikuwa wamefunga kambi yao karibu na Mafinga, wakaacha vitu vya kuuza. Kimojawapo kilikuwa nyumba ya bati jeupe juu ya magurudumu, yenye vitanda, jiko dogo, na mlango wenye kitasa. Kitasa ndicho kilichonimaliza. Nilitia sahihi karatasi nne, mtunza stoo akagonga mihuri minne, nikajiona mwenye nyumba.

Landrova yangu fupi, iliyozoea kuvuta kitela cha vitabu, ililisogeza karavani hatua tatu, ikanuka klachi, ikazima. Nikaenda kwa fundi Yusufali, Iringa. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Iringa, na Kihehe chake kilinishinda mimi. Alichukua ile fupi, akanipa ndefu, akaitia injini ya silinda sita, akaongeza springi za nyuma, na kuchomelea ndoano ya tela nene kama mkono wake.

"Hii sasa inavuta kanisa," alisema. "Na waumini wakiwa ndani."

Je, ilivuta? Ilivuta kama ng'ombe anavyokwenda joshoni. Nilitoka kambini mchana, gia ya pili, injini ikilia. Mabasi yalinipita, kisha malori ya mbao, kisha mtu wa baiskeli aliyebeba gunia la mkaa, naye akanipa pole.

Nilipofika kwenye kiwanda cha mbao chenye mzani wa malori, niliomba wanipimie tela. Msomi akishindwa kuelewa kitu hutafuta tarakimu. Mpimaji akatazama mzani, akatazama kibati cha karavani kilichoandikwa uzito wake, akakuna kichwa.

"Limezidi karibu mara mbili. Umebeba mawe, mwalimu?"

"Vikombe sita na godoro."

"Basi mwambie yule mzee ashuke kwenye ngazi. Hairuhusiwi kubeba mtu huko."

"Mzee gani?"

Tukaenda nyuma wote wawili. Ngazi ya mlango wa karavani ilikuwa tupu. Mpimaji aliniomba tu niondoke haraka kwenye mzani wake.

Kabla ya Makambako ukungu ukashuka. Ilikuwa saa kumi na moja hivi jioni, lakini usingeona boneti. Kwenye kilima kidogo, kilima cha aibu kabisa, silinda zote sita zikakata tamaa. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikazunguka nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mzee mwembamba, koti refu la jeshi, kifungo cha juu hakipo, pamefungwa kwa waya mwekundu. Miguuni alikuwa na kopo la makaa, akiota moto. Niliona makaa yakiwaka. Naapa.

"Kamwene, baba," nikamsalimia kwa Kihehe, nikidhani ni mtu aliyedandia.

"Kamwene. Nyumba unaipeleka wapi?"

"Rujewa. Nimeinunua. Karatasi ninazo."

"Karatasi sisomi. Nani amekuja kunipokea lindo?"

"Kambi imefungwa, mzee. Wenyewe wamerudi kwao."

"Waliniambia nisiondoke mpaka aje wa kunipokea. Nyie mnahamisha nyumba kama wezi, hata mlinzi hammuagi."

"Basi njoo ukae mbele na mimi, nikushushe mahali."

"Siwezi kushuka na lindo mikononi."

Ungefanyaje? Mimi nilimfikiria Mama Eda na viazi vyake, nikafikiria mpunga wa kule Rujewa ulivyokwisha kuwa wa njano. Nikasema, kwa ile sauti ya kumaliza kikao, "Haya, baba. Lindo nimelipokea mimi. Nenda ukalale."

"Taja jina lako."

Nikalitaja lote, mpaka la babu, kama ninayejaza fomu. Akanitazama kwa huruma. "Pole na kazi, mwanangu," akasema. Akainuka, akaelekea upande wa Mafinga, na ukungu ukamfunika.

Nikaliinua kopo nilitupe. Lilikuwa la baridi, limejaa udongo, na ndani majani yameota.

Gari liliruka kwenye kile kilima kama halivuti kitu.

Nilipomsimulia Yusufali kuhusu waya mwekundu, aliacha spana. "Ule waya nilimpa mimi, nilipokuwa natengeneza magari pale kambini," alisema. "Alifia kwenye ngazi hiyo hiyo, wakati wa baridi. Tulimzika kabla wageni hawajaondoka."

Mama Eda alikuja kabla ya mavuno. Alitundika mapazia, akafunga kitasa kwa furaha, akalala. Mimi saa nane macho yalifunguka, miguu ikanipeleka kwenye ngazi, nikakaa mpaka kulipokucha. Usiku uliofuata vilevile. Leo tuna nyumba ya matofali Mbeya, karavani lilishageuka banda la kuku kule Rujewa, na bado saa nane nipo nje. "Ulitafuta nyumba ili tulale pamoja," mke wangu huniambia, "ukapata ya kunilinda nikilala." Alininunulia koti. Mwaka juzi kifungo chake cha juu kilikatika, nikapafunga kwa waya wa kwanza niliouona. Niligundua asubuhi kwamba ni mwekundu.

Kwa hiyo ukinunua nyumba, iwe na magurudumu au isiwe nayo, uliza kwanza nani anailinda. Na ukipita mtaani kwetu usiku ukanikuta kwenye ngazi, nisalimie tu upite. Mimi ni mtu mpole, lakini nimechoka. Nikikuuliza jina lako, usinijibu.